UZI: Kompyuta inaganda, inajizima, imekuwa nzito? Pitia hapa kabla hujapiga Windows upya

fundi_ilala (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wakuu.

Malalamiko yanayofika mezani kwangu ni yale yale: "imekuwa nzito", "inaganda nikifungua vitu viwili", "inajizima yenyewe", "inaleta skrini ya bluu". Na wengi wanakuja na tiba mkononi kabisa: "Fundi, nipigie Windows mpya." Kupiga Windows, yaani kufomati (kufuta diski) na kuiweka upya, kumekuwa Panadol ya kila ugonjwa. Mtu analipa, mashine inapata nafuu siku chache, halafu anarudi nayo ikiwa vile vile, na safari hii picha za watoto na mafaili ya kazi yalishapotea kwenye fomati ya kwanza. Inauma, kwa sababu hasara hiyo ilikuwa inazuilika.

Kompyuta nyingi hazifi ghafla. Zinatoa dalili wiki kadhaa kabla, nyingine miezi. Kazi ya matunzo ni kuzisoma dalili hizo mapema, na nyingi unaweza kuzisoma mwenyewe bila kulipa mtu.

Nianze na JOTO, maana kwa vumbi la huku kwetu hili ndilo linaloua laptopu nyingi. Ndani kuna bomba jembamba la shaba linalotoa joto kwenye prosesa (ubongo wa kompyuta) na kulipeleka pembeni, kwenye mapezi membamba ya chuma. Feni inasukuma hewa ipite kwenye hayo mapezi. Fungua laptopu iliyotumika miaka mitatu bila kusafishwa, uangalie pale feni inapokutana na mapezi: vumbi limeshikamana na nywele na nyuzi za nguo, limekuwa tabaka moja unaloweza kulibandua kwa kibanio likatoka zima. Hapo feni itazunguka mpaka ichoke, hewa haipiti.

Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha karibu nyuzi joto 100. Zikikaribia hapo zinajipunguzia kasi zenyewe zisiungue. Ndiyo maana asubuhi mashine inakwenda vizuri, baada ya nusu saa inaanza kutambaa. Joto likizidi hata hapo, inajizima pap, hakuna onyo wala ujumbe. Watu wanaita virusi. Piga Windows mara tano, itarudia, kwa sababu vumbi bado limo ndani.

Kipimo rahisi: weka kiganja pale hewa inapotokea. Feni inaunguruma lakini hewa ni hafifu? Imeziba. Ukitaka namba kamili, shusha HWiNFO, ni ya bure, uangalie nyuzi joto wakati unafanya kazi zako za kawaida.

Ukisafisha mwenyewe, zima kabisa, chomoa chaja, na betri itoe au ichomoe waya wake. Tumia brashi laini na blower (kipuliza hewa). Ila SHIKILIA FENI kwa kijiti isizunguke, maana blower inaizungusha kwa kasi ambayo haikutengenezewa na beringi zake zinaharibika. Usipulize kwa mdomo, unapuliza na mate. Ile pesti ya kijivu kati ya prosesa na shaba nayo hukauka kadiri miaka inavyokwenda. Ukishanyanyua shaba ni lazima uifute yote na upake mpya kiasi kidogo, usirudishie juu ya ile ya zamani. Na jamani, tuache kutumia laptopu juu ya godoro. Matundu ya hewa yako chini.

Cha pili ni DISKI. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager ifunguke, angalia safu ya Disk. Kama imekaa 100% na hakuna kazi ya maana unayofanya, na ndani kuna diski ya kuzunguka (HDD), basi tatizo la uzito umeshalipata. HDD ina kichwa kinachosogea huku na huko kutafuta data. Kwa vipande vidogo vilivyotawanyika inaweza kusoma mara mia moja hivi kwa sekunde. SSD haina kitu kinachosogea, inasoma makumi ya maelfu. Windows ya sasa inasoma vipande vidogo muda wote, kwa hiyo HDD inapigwa foleni tangu unawasha.

Laptopu nyingi za mtumba zenye umri mkubwa bado zina HDD. Kama yako ni mojawapo na fedha yako inatosha kitu kimoja tu, nunua SSD. Prosesa ya zamani yenye SSD inaishinda prosesa nzuri yenye HDD kwa kazi za Word, Excel na mtandao. Nasema hivi bila kusita.

Lakini hata kabla ya kununua, pima afya ya diski uliyonayo. Diski zina mfumo wa kujipima unaoitwa SMART, na programu ya CrystalDiskInfo inakusomea: Good, Caution au Bad. Tazama mistari mitatu: 05 (sehemu zilizoharibika zikabadilishwa na za akiba), C5 (sehemu zinazosubiri kuhukumiwa) na C6 (sehemu zilizoshindikana kusomeka). Zikiwa sifuri, vizuri. Zikianza kupanda, hamisha data zako leo leo, usingoje wikiendi. C7 ikipanda peke yake mara nyingi ni waya au soketi, usiitupe diski.

Umeme na programu nitavigusa kwenye michango. Karibuni, leteni maswali.

kibodi_nyeusi

Mkuu umeandika vizuri ila mimi hapo kwenye kufomati tunatofautiana. Mimi nafomati mara kwa mara na mashine yangu inaruka. Nikiiacha inajaa takataka. Sasa unatuambia tuache kitu kinachofanya kazi?

fundi_ilala

Mkuu kibodi_nyeusi, nakuelewa, na nafuu unayoipata ni ya kweli. Ila tujiulize inatoka wapi. Ukifomati unaondoa mambo matatu: programu zinazojiwasha pamoja na Windows, diski iliyojaa, na takataka mbaya zilizoingia na vitu vya kushusha. Yote matatu yanaondoka bila kufomati.

Kwenye Task Manager kuna Startup apps. Ifungue uone vinavyojipakia kabla hujagusa kitu: vya mikutano ya video, vya kushusha muvi, vya printa uliyoshauza zamani. Bofya kulia, Disable. Haifutiki, inaacha tu kujiwasha. Usiguse vya sauti na touchpad.

Diski ya C isijae. Mimi huwa naambia watu waache wazi asilimia 15 hadi 20. Windows inahitaji nafasi ya kubadilishana data RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ikijaa, na nafasi ya kupokea apdeti. Ikikosa, inaganda, na apdeti zinafeli katikati. Nenda Settings, System, Storage uone kinachokula. Mara nyingi ni Downloads, na folda ya Windows.old iliyobaki baada ya kupandisha toleo. Hiyo ifute kupitia Storage hapo hapo. Folda ya WinSxS usiiguse kwa mkono hata kama mtu YouTube amekwambia.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui. Tangu Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup. Ukibonyeza Shut down, kompyuta haizimiki yote. Kiini cha Windows kinahifadhiwa kwenye diski na kurudishwa ukiwasha. Inawaka haraka, sawa, ila matatizo yaliyokuwemo yanarudi nayo. Ingia Task Manager, Performance, CPU, tazama Up time. Utashangaa mashine unayoizima kila usiku inasema iko hewani wiki nzima. Dawa yake ni Restart. Restart ndiyo inayoanza upya kabisa. Fanya walau mara moja kwa wiki, na kila mashine inapoanza visa vidogo vidogo.

Kuhusu programu za "kusafisha rejista" (hazina ya mipangilio ya Windows) na "kuongeza RAM": achana nazo. Microsoft wenyewe hawaungi mkono matumizi ya visafisha rejista, na RAM haiongezwi na programu. Mnakumbuka mwaka 2017 toleo la 5.33 la CCleaner, mojawapo ya programu hizo za kusafisha, lilipenyezwa virusi likiwa kwenye seva rasmi, na zaidi ya watu milioni mbili wakalishusha wakidhani wanasafisha. Zana za ndani ya Windows zinatosha.

Ukiona mafaili ya Windows yenyewe yameharibika, fungua Command Prompt kama Administrator, endesha hizi mbili kwa mpangilio huu:

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`
`sfc /scannow`

Ya kwanza inahitaji intaneti. Zikikataa ndipo tuzungumzie kupiga upya, na hata hapo tunapima diski kwanza. Kupiga Windows kwenye diski inayokufa ni kumwibia mteja.

mama_stesheneri

Fundi asante sana kwa somo. Mimi nina duka la stesheneri, nina kompyuta za mezani mbili. Naomba unisaidie mambo mawili. La kwanza, wateja wakichomeka fleshi zao, mafaili yote yanageuka njia za mkato. Wateja wananilaumu mimi nimewafutia kazi zao. La pili, mashine moja kila asubuhi tarehe inarudi nyuma miaka, halafu mtandao unakataa kufungua kitu chochote, unasema muunganisho si salama. Umeme ukikatika mchana na hiyo mashine inachukua muda mrefu kuwaka. Nimeshaambiwa ninunue nyingine.

fundi_ilala

Mama yangu, usinunue. Nianze na la tarehe maana ndilo jepesi. Kwenye ubao mkuu kuna betri bapa ya duara, imeandikwa CR2032. Hiyo ndiyo inayotunza saa mashine ikiwa haina umeme. Imeisha. Mtandao unakataa kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikidhani tuko miaka ya nyuma, kila cheti kinaonekana batili. Zima, chomoa waya wa ukutani, badilisha hiyo betri, rekebisha saa. Ni kazi ya dakika chache na betri yenyewe inauzwa hata kwenye maduka ya saa.

La fleshi: kazi za wateja hazijafutika. Hao virusi wanayaficha mafaili halisi na kuweka njia za mkato zenye majina yale yale. Mteja akibofya, anawaendesha virusi wenyewe, nao wanahamia kwenye kompyuta yako na kusubiri fleshi inayofuata. Kwa hiyo safisha kompyuta kwanza, la sivyo unateka maji kwa pakacha. Ingia Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, chagua Microsoft Defender Offline scan. Mashine itajizima na kukagua kabla Windows haijawaka. Ikimaliza, chomeka fleshi, angalia imepewa herufi gani, tuseme E, kisha kwenye Command Prompt:

`attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`

Mafaili yatatokea. Futa njia za mkato, ikague fleshi, mrudishie mteja. Na tafadhali usiweke antivirusi mbili ukidhani ulinzi utakuwa maradufu. Zinagombania kila faili linalofunguliwa na mashine inakuwa nzito. Defender inatosha ikiwa inapata apdeti.

Sasa umeme. Kompyuta ya mezani haina betri ya kuiendesha kama laptopu, kwa hiyo umeme ukikatika inakufa katikati ya kuandika kwenye diski. Faili lililokuwa linaandikwa linaweza kubaki nusu, na likiwa la Windows, ndiyo hiyo unaona inahangaika kuwaka. Umeme unaporudi na mshtuko wake unaunguza pawa saplai. Kwa biashara yako UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika) ni kifaa cha kazi kama ilivyo printa. Haihitaji kukaa saa nzima, dakika za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri zinatosha. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS, inavuta umeme mwingi inapopasha moto na itaizidi nguvu. Umeme ukikatika na huna UPS, chomoa mashine ukutani na usubiri utulie ndipo uwashe.

Na kama ndani kuna Windows au Office ya kufungua kwa "crack" (programu ya kukwepa leseni), tambua kwamba karibu kila maelekezo ya crack yanaanza na "zima antivirusi kwanza". Hapo mlango umeshaufungua mwenyewe.

pwani_moja

Salaam wadau. Niko Mombasa, natengeneza mashine pia. Naongezea jambo ambalo walio mbali na bahari huenda hawalioni sana: hewa ya chumvi na unyevu. Kompyuta iliyokaa karibu na dirisha linalotazama baharini huwa inaingia kutu ya kijani kwenye shaba, hasa pale RAM inapoingia na kwenye soketi za nyuma. Mteja analeta mashine haionyeshi kitu, inalia tu "bip bip". Natoa RAM, nafuta mguso wake kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, naacha ikauke, naichomeka tena hadi ishike, na inawaka. Tena, mashine isiyotumika huku inaharibika haraka kuliko inayotumika. Iwasheni mara moja moja ipate joto la kukausha unyevu, na msiiweke sakafuni.

Swali langu kwa mwenye uzi: wateja wananiuliza Windows 10 imeshafungwa, watupe mashine zao?

fundi_ilala

Ahsante ndugu yangu wa Mombasa, hilo la chumvi ni la kuzingatia hata kwa wenzetu wa Tanga na Zanzibar.

Wasitupe. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji wa nyumbani kuna mpango wa nyongeza wa apdeti za usalama hadi 13 Oktoba 2026, unajiunga kupitia Settings kwenye Windows Update. Windows 11 inadai TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta), na kwa Intel ni kuanzia kizazi cha 8 hivi kwenda mbele, kwa hiyo mashine nyingi za mtumba haziingii kihalali. Kwa mtu wa mtandao, kuandika na kuangalia video, mimi nashauri Linux Mint, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, inakwenda vizuri kwenye mashine ya zamani. Ila kama anategemea programu maalumu ya Windows ya uhasibu au uchoraji, aanze kupanga bajeti.

Apdeti za usalama si za kupuuza. WannaCry (virusi vya kufunga mafaili ya watu) ilipoitikisa dunia Mei 2017, kiraka cha kuizuia Microsoft walikuwa wameshakitoa Machi mwaka huo huo. Waliofungiwa mafaili yao wengi ni ambao hawakukiweka. Najua bando ni ghali. Weka "metered connection" (inayopunguza Windows kujishushia vitu) siku za kawaida, kisha chagua siku moja kwa mwezi ya kushusha apdeti ukiwa kwenye Wi-Fi ya mahali.

Wanaoniandikia inbox kuhusu skrini ya bluu: piga picha maneno ya chini kabla hayajapotea. MEMORY_MANAGEMENT, anza kushuku RAM, endesha `mdsched`. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, ni vifaa vyenyewe, angalia joto na umeme kwanza. Kisha bonyeza Windows+R, andika `perfmon /rel`. Itakuja kalenda yenye alama nyekundu siku mashine ilipoanguka, na chini yake utaona siku hiyo kiliwekwa nini. Mara nyingi draiva fulani (programu ya kuendesha kifaa) iliingia jana yake. Bila kalenda hiyo tunabahatisha tu.

Na wenye laptopu ambazo touchpad imenyanyuka au kifuniko cha chini hakikai sawa: betri imevimba. Acha kuichaji, usiitoboe wala kuikandamiza, ipeleke ikatolewe. Hilo halisubiri.

mwanachuo_mwaka3

Kaka fundi, nimefuata maelekezo nimeweka CrystalDiskInfo. Imetoa njano, imeandika Caution. C5 inasema 000000000018, na 05 ni sifuri. Laptopu inaganda nikifungua folda ya ripoti yangu ya utafiti, nasubiri sana ndipo inafunguka. Haitoi mlio wa ajabu. Rafiki yangu anasema nipige chkdsk (zana ya Windows ya kukagua diski) usiku kucha itajirekebisha. Ripoti nawasilisha mwezi huu na sina nakala popote.

fundi_ilala

Mdogo wangu, chkdsk USIPIGE. Ile `/r` inasoma diski nzima kipande kwa kipande. Kwa diski inayokufa, huo unaweza kuwa mzigo wa mwisho, na data zako bado zimo ndani.

Kwanza elewa namba. CrystalDiskInfo inaandika kwa mfumo wa heksa, kwa hiyo hiyo 18 ni 24 kwa hesabu yetu. Una sehemu 24 ambazo diski imeshindwa kuzisoma vizuri na bado haijaamua. Kuganda unakokuona kwenye folda ya ripoti ni diski inarudia rudia kusoma sehemu hizo. Haikusumbui kwingine kwa sababu uharibifu uko hapo.

Fanya hivi sasa hivi. Funga kila kitu, usiangalie muvi, usiweke programu mpya. Nakili faili la ripoti PEKE YAKE kwanza, liende kwenye fleshi safi, na lingine lipandishe Google Drive, wanakupa GB 15 bure. Baada ya hapo data zako za utafiti, kisha picha, muvi ziwe mwisho kabisa. Usinakili folda nzima kwa mkupuo, maana ikikwama kwenye faili moja yote yanasimama. Faili likigoma, liruke, endelea na jingine, utalirudia mwishoni.

Ikianza kutoa mlio wa "tik tik", zima hapo hapo na usiwashe tena. Hapo inahitaji mtu wa kuokoa data, na kila ukiwasha unampunguzia nafasi.

Kama faili la ripoti limekataa kabisa, angalia kama uliwahi kumtumia msimamizi wako kwa barua pepe au WhatsApp, na uangalie kwenye Word: File, Info, Manage Document, Recover Unsaved Documents. Ukishanakili, ripoti endelea kuiandikia kwenye kompyuta ya mwenzako au ya maktaba, siyo kwenye hiyo. SSD tutaizungumzia baadaye. Nipo hewani, nitumie picha ya C5 kila baada ya kunakili folda moja tuone kama inapanda.